Kikasha cha Shule na Mtoto Anayechagua Vyakula

Chakula cha shule kina jambo moja linalokitenga na vyakula vingine vyote ambavyo mzazi humwandalia mtoto wake: huliwa mzazi akiwa hayupo. Mezani nyumbani naweza kubembeleza, kuongeza mchuzi, kupunguza wali, au kusubiri mtoto amalize hadithi yake ndipo arudi kwenye sahani. Shuleni hayo yote hayapo. Kikasha kikishafungwa asubuhi, kinachobaki ni baina ya mtoto, chakula chake, kengele na wenzake waliokaa naye. Nina watoto wawili, binti aliye darasa la nne na mdogo wake wa kiume aliyeanza shule hivi karibuni, na wote wawili ni wagumu wa kula, kila mmoja kwa namna yake: dada hataki vyakula vinavyogusana, na mdogo wake hataki chochote kinachoteleza mdomoni. Msimamo wangu, ambao nitaueleza hapa kwa kirefu, ni kwamba kikasha cha shule si mahali pa kumfundishia mtoto kula chakula kipya. Mahali pa somo hilo ni nyumbani, jioni, mbele ya watu wanaokila chakula hicho kwa raha zao. Kikasha kibebe kile ambacho tayari kimekubalika, na kazi ya mzazi iwe kukifanya hicho kilichokubalika kiwe bora, kidogo kidogo.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini mtoto wa miaka minne hachagui kwa kiburi. Kuogopa chakula asichokijua ni hatua ya kawaida ya makuzi, ambayo kwa watoto wengi huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6, yaani wakati ambapo mtoto ameanza kwenda mwenyewe na kufikia vitu ambavyo hakupewa na mkubwa wake. Watafiti wengi huona humo kinga ya tangu kale, kwa kuwa kiumbe mdogo anayeweza kutembea lakini hajui sumu ni ipi huwa salama zaidi akilikataa jani asilolijua kuliko akilitafuna. Ulimi nao una sehemu yake. Watoto huhisi uchungu kwa ukali kuliko watu wazima, na tofauti za kurithi, hasa katika jeni iitwayo TAS2R38, huwafanya baadhi ya watu wahisi katika mboga za jamii ya kabichi na brokoli uchungu ambao jirani yao mezani hauhisi kabisa. Mtoto akisema kwamba mboga fulani ni chungu, inawezekana anasema kweli tupu, na mzazi anayeapa kwamba si chungu naye anasema kweli.

Dawa inayojulikana ni mazoea. Leann Birch, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi namna watoto wanavyojifunza kula, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watoto wadogo huanza kukipenda chakula kadiri wanavyokionja mara nyingi, na mara hizo huzidi subira ya wazazi walio wengi: huweza kufika nane, kumi, hata kumi na tano, ilhali mzazi wa kawaida hukata shauri baada ya mara tatu hadi tano kwamba mwanawe hakipendi chakula hicho. Sasa mara kumi hizo zikifanyika ndani ya kikasha cha shule, maana yake ni kwamba kwa siku kumi mtoto amerudi na njaa, kwa siku kumi chakula kimetupwa, na mzazi hana hata hakika kama kilifika ulimini, kwa sababu kinachofundisha zaidi ni kuonja. Jioni nyumbani, kijiko kimoja cha mboga mpya kando ya sahani iliyojaa vyakula vinavyojulikana hakimgharimu mtu kitu. Akikiacha, atashiba kwa vingine. Shuleni hakuna hivyo vingine.

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aligawa kazi za mezani kwa namna ambayo wazazi wengi wameisikia hata kama hawajui ilikotoka: mzazi huamua kitaliwa nini, saa ngapi na wapi, na mtoto huamua kama atakula na atakula kiasi gani. Nawajua wazazi wanaoupinga mgawanyo huo kwa nguvu zote, wakihofu kwamba mtoto akiachiwa uamuzi wowote atajinyima hadi augue. Kuhusu mlo wa nyumbani tunaweza kubishana, lakini kuhusu kikasha hakuna cha kubishania, maana shuleni ndivyo mambo yalivyo tupende tusipende. Mtoto ndiye mwenye neno la mwisho, na anaweza kulitamka kwa kumpa jirani mkate au kuutumbukiza kwenye pipa la taka.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kubadili chochote ndani ya kikasha, nashauri mzazi akikague kinaporudi, kabla hakijaoshwa, kwa utulivu wa fundi anayetafuta mahali bomba linapovuja. Mkate ulioumwa pembe moja na kuachwa una habari tofauti na mkate ambao haukuguswa. Ulioumwa ulijaribiwa ukashindwa, pengine kwa sababu ulilowana. Ambao haukuguswa huenda haukufikiwa kabisa, kwa kuwa mtoto alianza na kitu kingine na muda ukamwishia. Jioni moja kikasha cha mwanangu kilirudi na kikopo cha mtindi kikiwa kizima, na pembeni mwa kifuniko chake cha karatasi ya fedha palikuwa na alama ndogo za meno. Mtindi anaupenda sana. Alivuta kifuniko kwa vidole kikamshinda, akajaribu kwa meno, kengele ikalia. Mtu asiyeviona vile vimeno angeandika kwenye orodha yake kwamba mtoto ameuchoka mtindi, akaanza kuhangaika kutafuta chakula kingine, ilhali kilichohitajika ni kikopo chenye kifuniko cha kusokota kilicholegea kidogo.

Mambo mengi tunayoyaita kuchagua chakula ni ya namna hiyo. Kila chombo kipya katika nyumba yetu hupita mtihani kabla ya kwenda shule: mwenye nacho hukifungua na kukifunga mwenyewe, mikono ikiwa imelowa, bila kusaidiwa. Muda wa kula ni mfupi, na unazidi kuwa mfupi ukiondoa foleni ya kunawa, kutafuta pa kukaa na maongezi ambayo kwa mtoto ni muhimu kuliko chakula. Chungwa lisilomenywa ni mradi mzima kwa mtoto wa miaka sita. Tufaha zima kwa mtoto aliyeng'oka meno mawili ya mbele ni jambo lisilowezekana, na umri wa kung'oka meno hayo ndio huohuo wa kuanza shule. Nyama ngumu inayotafunwa kwa dakika tatu hula muda wa vitu vingine vyote vilivyomo. Ukimenya, ukakata, ukatenganisha mapema, umeshatatua sehemu kubwa ya tatizo bila kubadili chakula chenyewe.

Maswali nayo yanahitaji kubadilishwa. Ukimuuliza mtoto kama amemaliza chakula, umemweka kizimbani, naye atajibu kama mshtakiwa. Mimi huuliza alianza kula nini, na swali hilo huleta habari ambazo nisingezipata kwa njia nyingine yoyote: nani alikaa wapi, nani alisema nini kuhusu chakula cha nani, na kwa nini yai halikuliwa. Yai, kwa mfano, lilikuwa na kesi ya harufu. Yai lililochemshwa kupita kiasi hutoa gesi ya salfa, ambayo ndiyo pia huzungushia kiini ule utepe wa kijani, na gesi hiyo ikifungiwa ndani ya kikasha kwa saa kadhaa husubiri kifuniko kifunguliwe mbele ya darasa zima. Binti yangu hakulichoka yai; aliwachoka waliokuwa wakiziba pua. Yai lililochemshwa kwa muda wa kutosha tu, likatiwa mara moja kwenye maji ya baridi, likapoa kabisa kabla ya kufungwa, halina harufu kali, na kesi yake ilifutwa.

Sasa kuhusu kilichomo. Kanuni ya jumla haina siri: kiwemo chakula cha nguvu kama mkate, wali, viazi au tambi, kiwemo chakula cha kujenga mwili kama yai, kuku, samaki, maharage, jibini au mtindi, liwemo tunda, iwemo mboga, na yawemo maji ya kunywa. Chakula cha kujenga mwili ndicho ambacho husahaulika zaidi kwa watoto wagumu wa kula, kwa kuwa wengi wao hupenda vyakula vyeupe na laini vya wanga, na mtoto aliyekula mkate mtupu huwa na njaa tena kabla ya kufika nyumbani. Kuhusu mboga na matunda, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linataja kwa siku nzima angalau gramu 250 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10. Takwimu hizo zinatisha mpaka uzipime kwa mizani ya jikoni. Ndizi ndogo iliyomenywa na nusu ya karoti vinakaribia theluthi ya kiasi cha mtoto wa miaka saba, na hicho ndicho kiasi ambacho mlo mmoja kati ya mitatu unapaswa kubeba. Kikasha hakidaiwi zaidi ya hapo.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wazazi wengi hujaribu kuikamilisha lishe ya siku nzima ndani ya chombo kimoja, kisha hukasirika kinaporudi nusu. Katika miaka ya 1920 na 1930 daktari wa watoto Clara Davis wa Marekani alisimamia malezi ya watoto 15 waliokuwa ndiyo kwanza wameachishwa ziwa, ambao walijichagulia chakula chao chote kutoka katika orodha ya vyakula zaidi ya 30, huku wauguzi wakikaa kimya na kijiko mkononi mpaka mtoto mwenyewe aonyeshe anachotaka. Milo yao, ukiitazama mmoja mmoja, ilikuwa ya kushangaza, lakini kwa kipindi kirefu walikua vizuri. Wanaoipenda habari hii huishia hapo na kutangaza kwamba mtoto anajua mwenyewe kinachomfaa. Davis mwenyewe, alipoieleza kazi hiyo mwaka 1939, alisema kwamba hila ilikuwa katika orodha: haikuwamo sukari, havikuwamo vyakula vilivyosindikwa, hivyo kila alichokigusa mtoto kilikuwa chema. Kwangu mimi hilo ndilo somo zima la kikasha. Mtoto achague ndani ya mipaka ambayo mkubwa ameiweka, na hesabu ipigwe kwa wiki wala si kwa siku.

Kukiboresha kile kilichokubalika ni kazi ya kupanda ngazi moja moja. Tuseme mtoto anakula mkate mweupe wenye siagi na hataki kingine. Wazazi wengi hujaribu kuruka kutoka hapo hadi mkate wa ngano isiyokobolewa uliojazwa kuku na majani, na jioni huuona umerudi mzima. Ngazi ya kwanza ni mkate uleule, umbo lilelile, siagi ileile, lakini kipande kimoja cha chini kiwe cha ngano isiyokobolewa na cha juu kibaki cheupe. Ngazi ya pili, ikishakubalika ya kwanza, ni jibini lililokatwa jembamba sana ambalo huyeyuka ndani ya ladha ya siagi. Ubadilishe jambo moja tu kwa wakati, na kila badiliko lianze nyumbani mwishoni mwa wiki. Kwa yule mwanangu anayekataa vinavyoteleza, ufunguo ulikuwa mguso kuliko ladha: karoti mbichi iliyokatwa vijiti aliipokea wakati karoti ileile ikiwa imechemshwa aliitema, kuku aliyekaushwa vizuri kwenye oveni alimla wakati kuku wa mchuzi hakumtazama, na ndizi huila ikiwa bado ngumu kidogo tu. Kwa dada yake, ufunguo ni vyumba. Sandwichi humkera, lakini sandwichi hiyohiyo ikifumuliwa, mkate hapa, jibini pale, vipande vya tango kwingine, huila yote, na kwa lishe hakuna tofauti yoyote baina ya vitu vilivyopangwa kwa ghorofa na vitu vilivyopangwa kwa safu.

Wapo wanaoficha mboga, wakisaga mchicha ndani ya mkate wa kumimina au kukuna karoti ndani ya yai. Sina ugomvi na kukuna karoti. Kitu kinachoongeza mboga katika chakula kinachopendwa ni kizuri. Ninachokataa ni siri. Mtoto mgumu wa kula huwa mpelelezi hodari, na siku atakapogundua uzi wa kijani ndani ya chakula alichokiamini, atakiacha chakula hicho pamoja na mboga yake, na mzazi atakuwa amepoteza kimoja katika vile vichache alivyokuwa navyo. Karoti iliyokunwa mtoto akiitazama, au akiikuna mwenyewe, haina hatari hiyo. Nyongeza ndogo kwa wanaotegemea maharage, dengu na majani kwa madini ya chuma: mwili huyapokea madini hayo vizuri zaidi yakiambatana na vitamini C katika mlo uleule, kwa hiyo vipande vya chungwa au pilipili hoho nyekundu kando ya maharage vina kazi zaidi ya kupamba, ilhali chai hufanya kinyume chake.

Unyevu ndio adui ambaye hasemwi vya kutosha. Chakula kilicho kizuri asubuhi hakiwi kilekile baada ya saa tano au sita ndani ya mfuko. Nyanya hutoa maji yake na kuufanya katikati ya mkate kuwa uji. Tango hujikunja pembe. Tufaha hugeuka rangi ya kutu. Siagi au jibini lililopakwa hadi ukingoni mwa mkate huzuia maji yasipenye, nyanya ikiondolewa mbegu hupunguza nusu ya madhara yake, na tufaha lililokatwa huhifadhi weupe likipitishwa kwenye maji yenye limau au chumvi kidogo, kwa kuwa limau huvizuia vimeng'enya vinavyolibadilisha rangi likikutana na hewa. Vitu vya moto visifungwe vikiwa vinafuka kwenye chombo cha kawaida, maana mvuke hugeuka matone na matone hulowanisha kila kitu.

Hapo ndipo penye suala la usalama, ambalo kwangu linatangulia ladha. Vijidudu huongezeka upesi katika chakula kilicho kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2. Kikasha cha shule hukaa kwa muda zaidi ya huo. Kwa hiyo chakula cha baridi kiende na ubaridi wake, na cha moto kiende na moto wake. Njia rahisi ya kwanza ni kugandisha chupa ya maji ya mtoto usiku, bila kuijaza hadi juu kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, kisha kuibana na kikasha ndani ya mfuko mmoja: hulinda chakula asubuhi na kumpa mtoto maji ya baridi mchana. Kwa chakula cha moto, hotipoti nzuri ijazwe maji yanayochemka kwa dakika chache, yamwagwe, ndipo chakula kilichochemka kweli kitiwe na kufungwa papo hapo. Wali uangaliwe kwa makini zaidi. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zake zisizokufa kwa kupikwa, na wali ukiachwa sufuriani usiku kucha mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu ambayo hata kuupasha moto upya hakuiondoi. Wali wa jana unaofaa kwenda shule ni ule uliopozwa upesi na kutiwa kwenye friji, basi.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, zabibu na nyanya ndogo za duara zikatwe kwa urefu mara nne, na karanga nzima zisiwekwe kabisa, kwa kuwa huweza kuziba koo. Karanga zina suala jingine tena, la watoto wenye mzio, na shule nyingi huzipiga marufuku kwa namna yoyote ile. Ni vyema kuuliza kabla ya kupaka siagi ya karanga kwenye mkate.

Kuhusu sukari nina msimamo mkali kwa vinywaji na msimamo laini kwa vitu vitamu vyenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, ikijumlishwa na iliyomo katika asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na unapendekeza ipungue hadi chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji takriban kilokalori 1,500, asilimia 10 ni karibu gramu 37. Pakiti ya mililita 200 ya juisi ya matunda, hata ile isiyoongezwa chochote, huwa na takriban gramu 20, na hushushwa kooni kwa sekunde chache bila kushibisha. Maji yanatosha. Mtindi wenye ladha ya matunda nao usomwe lebo. Mara nyingi ni afadhali mtindi usiotiwa kitu ukatiwa vipande vya tunda halisi nyumbani.

Lakini kipande kidogo cha keki, siku fulani fulani, nakiweka pamoja na vyakula vingine, bila sharti. Sharti ndilo lenye madhara: tafiti za Birch na wenzake zilionyesha kwamba chakula kinachotolewa kama zawadi hupendwa zaidi, na kile ambacho mtoto hulazimishwa kukila ili apate zawadi hupendwa pungufu. Ukimwambia mtoto amalize karoti ndipo ale keki, umemfundisha kwamba karoti ni adhabu. Tena shuleni hakuna atakayesimamia sharti hilo. Akianza na keki, na aanze. Ikiwa ni ndogo, njaa ya vingine itakuwa bado ipo.

Uchaguzi wa mtoto huwekwa usiku, si asubuhi, kwa kuwa asubuhi hakuna mwenye muda wa kujadiliana. Humpa kila mmoja maswali mawili yenye majibu mawili: tango au karoti, mkate au viazi. Swali lililo wazi kabisa, la unataka kula nini kesho, huwa halina jibu ambalo mzazi anaweza kulitimiza.

Kuna watoto ambao haya yote hayawatoshi, na mzazi asidanganywe na jamaa wanaosema kwamba ataacha akikua. Mtoto ambaye uzito wake unashuka au hauongezeki, anayetapika au kukabwa mara kwa mara anapokula, ambaye ameacha kundi zima la vyakula, au ambaye orodha ya vyakula anavyovikubali inapungua bila kuongezeka kitu, anahitaji kuonwa na daktari. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliingiza katika mwongozo wake tatizo la kula ambalo mtu huepuka vyakula kwa sababu ya mguso, harufu au hofu ya kukabwa, wala si kwa kutaka kupungua uzito, kiasi cha kudhuru afya yake. Anayekwenda kwa daktari abebe orodha iliyoandikwa ya kila kitu mtoto anachokula kwa sasa, na kila alichokuwa akikila zamani akakiacha; orodha hiyo humweleza daktari zaidi ya maneno ya jumla kwamba mtoto hali kitu.

Kwa watoto wa kawaida, usumbufu unaobaki ni kuchoka. Chakula kilichokuwa kipenzi kwa miezi mitatu hurudi siku moja hakijaguswa, na kesho yake vilevile. Kinachochokwa upesi ni kile kinachokwenda kila siku kwa umbo lilelile, hivyo ninajitahidi kisijirudie siku mbili mfululizo bila mabadiliko madogo: viazi leo viwe vya kuchemsha vilivyokatwa miraba, keshokutwa viwe vya kuoka. Mtoto akishakichoka kabisa, sikitetei wala simkumbushi jinsi alivyokuwa akikipenda. Hukipumzisha kwa majuma mawili matatu, nacho hurudi kupitia meza ya jioni kama mgeni mwingine yeyote, na kikiliwa huko mara kadhaa bila maneno ndipo kinaporuhusiwa tena kwenda shule.